Vidonge ndani ya upindo wa suruali

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikifika kwenye jambo lenyewe naona aibu. Leo nataka niimalize kabla baba yao hajarudi.

Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 11 na wa kike ana 9. Huyu mkubwa alizaliwa na tatizo la njia ya mkojo. Kulikuwa na ngozi nyembamba iliyoziba pale mkojo unapotokea kibofuni, ukawa unarudi nyuma na kuziumiza figo tangu akiwa tumboni. Alipasuliwa akiwa na wiki mbili. Kizuizi kiliondoka, lakini figo zilikuwa zimeshaharibika. Sasa tunaambiwa yuko hatua ya tatu ya ugonjwa sugu wa figo. Kusafishwa damu hajafikia, na namwomba Mungu asifike karibuni.

Ukimwona hutajua kuwa anaumwa. Utakachoona ni ufupi. Mwaka jana alikuwa na sentimita 121, mwaka huu 124. Mdogo wake ana 129. Watu wakitukuta njiani humuuliza binti, "Huyu mdogo wako yuko darasa la ngapi?" Binti hujibu haraka, "Ni kaka yangu," nao hucheka wakidhani anatania. Mwanangu huwa anaangalia viatu vyake.

Kliniki iliyopita daktari wa figo alituonyesha chati. Mstari wa mwanangu uko chini ya ule wa mwisho kabisa, na unazidi kulala. Akasema ni wakati wa kufikiria sindano za homoni ya ukuaji, moja kila usiku, tunamchoma wenyewe nyumbani, kwa miaka. Ametupa hadi kliniki ijayo, wiki tatu kutoka leo, turudi na jibu.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Mimi nataka, baba yao hataki hata kusikia. Anasema mtoto anaumwa figo, haumwi ufupi, na yeye mwenyewe si mrefu na hajapungukiwa na kitu. Amesoma mahali kwamba homoni hiyo hutolewa kwenye vichwa vya maiti na kuna watoto walikufa. Anasema pia itazimaliza figo zilizobaki, na kwamba siku mtoto akipandikizwa figo mpya atarefuka mwenyewe. "Tumchome mtoto kila usiku ili nani afurahi?" Nilikosa la kumjibu.

Lakini Shangazi, hilo silo lililonifanya niandike.

Mwanangu anatumia vidonge vya baikaboneti, vile vya kupunguza asidi kwenye damu, mara tatu kwa siku. Miezi minne iliyopita nilikuwa nafua suruali yake ya shule. Ni ileile ya mwaka juzi. Wakati inashonwa nilimwambia fundi aache upindo mkubwa, mtoto akirefuka niushushe. Sijawahi kuushusha. Siku hiyo vidole vyangu vikagusa vitu vigumu ndani ya upindo. Nikafumua uzi, vikatoka vidonge. Nilihesabu kumi na vinne, na vingine vilikuwa vimeloa vikawa ungaunga mweupe. Mguu wa pili, tisa.

Nilimwita. Hakukana. Alisema vinamjaza gesi, anabeua darasani wanamcheka, na wamempa jina ambalo hakutaka kunitajia. Kwa hiyo cha asubuhi hukificha shavuni akakitema nje ya mlango, na cha mchana anachopaswa kumeza shuleni hukisokomeza kwenye upindo. Alilia. Akaniomba nisimwambie baba yake wala daktari. Nikamwahidi, naye akaniahidi kwamba atavimeza. Cha jioni namwona akimeza. Vile viwili vingine sijui. Nimeacha kupapasa upindo kwa sababu naogopa nitakachokikuta.

Majibu ya damu nayo ni mabaya. Baikaboneti ilikuwa 18, ikaja 17, na daktari, akidhani dawa haitoshi, ameshapandisha dozi mara mbili. Mimi nimekaa pale naitikia kwa kichwa.

Mengine yote najitahidi. Vyakula vya protini nimempunguzia sana, maana ndugu yetu mmoja mwenye ugonjwa wa figo alikatazwa. Usiku analala mapema. Wifi yangu ameniletea kopo la unga wa kurefusha watoto. Sijalifungua, liko kabatini.

Siku ile tunatoka kliniki, mwanangu alinivuta mkono akaniuliza polepole, "Mama, nikianza sindano, vidonge nitaacha?"

Nikisema ukweli, baba yao atajua nimemficha miezi minne, daktari atatuona wazazi wa hovyo na pengine atatunyima hiyo sindano, na mwanangu hataniamini tena. Nikinyamaza, tutakuwa tunaanza sindano juu ya uongo. Nifanye nini?

Mama wa wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Ule upindo haujanitoka kichwani. Wewe uliuacha kwa ajili ya urefu utakaokuja, yeye akaona ndipo mahali pa kufichia dawa ya huo urefu. Hakuna kati yenu aliyefanya hivyo kwa ubaya. Nalisema mapema kwa sababu barua yako nusu yake ni kesi uliyojifungulia mwenyewe, na mtu akiwa kizimbani hafikiri sawasawa.

Nikikuelewa, umefunga mambo mawili kwenye kifurushi kimoja. Kuna sindano, mnayobishania waziwazi. Na kuna siri ya vidonge, unayoibeba peke yako. Tatizo ni kwamba wewe na mumeo mnabishana huku mmoja wenu ana habari ambayo mwenzake hana, na daktari naye hana. Hata mkipatana leo usiku, mtakuwa mmepatana juu ya mtoto ambaye hayuko hivyo.

Mimi si daktari, na ninayokuambia hapa ni ya kwenda kuulizia kliniki. Ila kuna jambo moja kuhusu sindano hii nadhani halikuwafikia vizuri, pengine kwa sababu siku ile masikio yenu yalikuwa kwenye chati.

Mtoto mwenye figo dhaifu kwa kawaida hana upungufu wa homoni ya ukuaji. Ukipima damu yake unaweza kuikuta ya kutosha, hata iliyozidi. Kinachotokea ni kwamba mwili hauisikii. Wahenga wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la mwanao halijafa, limezibwa, na asidi ni mojawapo ya vitu vinavyoliziba. Asidi hiyohiyo pia huchota madini kutoka kwenye mifupa na kuila misuli. Ndiyo maana madaktari wa figo za watoto hupenda kuona baikaboneti ikiwa 22 au zaidi. Yeye ana 17. Sindano ni kupaza sauti, na vidonge ni kuzibua sikio. Kwa hiyo utaratibu wao wa kawaida ni kwanza kuweka sawa asidi, lishe, upungufu wa damu, madini ya fosfeti na vitamini D, kisha kumwangalia mtoto miezi mitatu hadi sita. Akiendelea kudorora, ndipo sindano huja mezani. Daktari wenu aliitaja akiamini upande wa vidonge umeshafanyiwa kila kitu.

Sasa usije ukapiga hesabu nyingine ya kujiumiza, kwamba vidonge vile ndivyo vilivyomfupisha. Ugonjwa huu ulimkuta tumboni mwako. Miaka miwili ya kwanza ndiyo mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati wowote, na ukuaji huo hubebwa zaidi na chakula. Watoto wengi wa figo hupoteza sentimita zao hapo, wakitapika na kukosa hamu ya kula. Vidonge vya miezi kadhaa haviwezi kubeba lawama ya miaka 11. Inawezekana kabisa akavimeza vyote kuanzia kesho, baikaboneti ikapanda, na bado sindano ikahitajika.

Kuna kitu umekipitia haraka kwenye barua, na mimi nimesimama hapo kwa muda: protini. Ndugu yenu ni mtu mzima. Yeye hakui, anatunza alichonacho. Mtoto anajenga mwili, na huyu wako anaujenga kwa shida. Kwa kawaida watoto wenye ugonjwa wa figo hawapunguziwi protini chini ya kiwango cha umri wao. Hata chumvi ina habari yake, maana watoto waliozaliwa na figo za namna hii wengine hukojoa sana na kupoteza chumvi nyingi, na kuwabana hurudisha ukuaji nyuma. Sisemi umjazie sahani kesho. Muulize daktari au mtaalamu wa lishe wa kliniki, huku ukiwaambia wazi ulichokuwa ukifanya. Na kopo la wifi lipeleke lilivyo, wasome kilichoandikwa. Unga wa namna hiyo mara nyingi huwa na fosforasi, potasiamu au vitamini A, vitu ambavyo figo zikichoka hushindwa kuvitoa.

Nije kwa baba watoto. Naona umemwandika kama ukuta, lakini hofu zake si za kupuuza. Hilo la maiti ni kweli kwa wakati wake. Zamani homoni hii ilikuwa ikitolewa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa watu waliofariki, na baadhi ya waliochomwa walikuja kupata ugonjwa wa ubongo uliowaua. Mwaka 1985 ndipo njia hiyo ilipoachwa Marekani na Uingereza, na tangu hapo homoni inatengenezwa maabara, haitoki kwa mtu. Kwa watoto wenye ugonjwa sugu wa figo, Marekani iliidhinisha mwaka 1993. Kuhusu kuzimaliza figo, tafiti hazijaonyesha kwamba sindano inaharakisha kuharibika kwake. Mpe habari hizi kama mtu anayemjibu swali lake. Ukizileta kama ushindi atafunga masikio.

Hoja yake ya ufupi wa ukoo nayo ina nusu ya ukweli. Kaeni siku moja mpige hesabu: urefu wake, jumlisha wako, ongeza sentimita 13, gawanya kwa mbili. Hapo ndipo mvulana wenu angetarajiwa kufika akiwa mtu mzima, zaidi au pungufu kidogo. Lakini mtoto aliyerithi ufupi hutembea na mstari wake, uko chini lakini unapanda. Mtoto wa umri huu, kabla ya kubalehe, huongeza takriban sentimita 5 kwa mwaka. Wenu ameongeza 3, na mstari unalala. Hilo halitoki kwa baba. (Hakikisheni tu anapimwa bila viatu na kisigino kikiwa kimegusa ukuta. Urefu huohuo ndio huingizwa kwenye hesabu ya kujua figo zinachuja kiasi gani, kwa hiyo sentimita mbili za soli zinapotosha mambo mawili kwa pamoja.)

Na kusubiri figo mpya? Watoto waliopandikizwa wakiwa wadogo, hasa chini ya miaka sita, ndio hufidia urefu vizuri. Baada ya hapo kufidia hupungua, na dawa za steroidi wanazopewa wengine baada ya upandikizaji nazo hubana ukuaji. Tena mwanao yuko hatua ya tatu, na huo upandikizaji unaweza kuwa mbali, jambo ambalo ni la kushukuru. Wakati huo ncha za mifupa zinazokua hazisubiri. Balehe ikimalizika hufunga, na zikifunga sindano haina kazi. Kwa upande mwingine, watoto wa figo mara nyingi huchelewa kubalehe, na mifupa yao huwa na umri mdogo kuliko wa cheti cha kuzaliwa. Eksirei moja ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo chake, itawaambia mna muda gani. Ulizeni kama imepigwa. Jibu lake linaweza kuwatuliza au kuwaharakisha, na vyovyote vile mtaacha kubishana gizani.

Sindano yenyewe nisiipambe. Ni sindano fupi, nyembamba, inayoingia chini ya ngozi ya paja au tumbo, mkibadilisha mahali kila siku. Huchomwa jioni kwa sababu mwili wenyewe humwaga homoni hiyo usingizini. Kwa watoto wa figo waliofuatiliwa, mwaka wa kwanza waliochomwa walirefuka karibu sentimita 4 zaidi ya wasiochomwa, na kasi hiyo hupungua baadaye. Ni ghali, na si kila mahali inapatikana. Ina hatari zake. Maumivu makali ya kichwa yanayokuja na kutapika au macho kuona ukungu, maumivu ya nyonga au goti, na kuchechemea ni mambo ya kumpigia daktari siku hiyohiyo. Sukari ya damu hufuatiliwa pia. Halafu kuna hatari ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya dawa: mtoto aliyechoka. Ukiruka usiku mwingi faida huyeyuka, na huyu wako tayari ameonyesha kwamba akizidiwa hagombi, anaficha.

Ndiyo maana swali lake la pale mlangoni nimelirudia kusoma mara nyingi. "Vidonge nitaacha?" Jibu ni hapana, hataacha. Je, kuna mtu amemwambia? Inawezekana kimya chake mnakisoma kama kukubali, kumbe anafanya biashara kichwani, anatoa usiku ili apate asubuhi zake. Tena, katika barua yako yote mtoto hajasema hata mara moja kwamba anataka kuwa mrefu. Alichosema ni kwamba hataki kuchekwa. Labda ni kitu kimoja, labda sivyo. Gesi inaweza kushughulikiwa bila kugusa urefu. Daktari anaweza kubadilisha saa za kumeza, kugawa dozi upya ili shuleni kusiwe na kidonge, au kutafuta dawa ya maji. Hakuna aliyeyajaribu hayo kwa sababu hakuna aliyejua.

Basi njia zako ninavyoziona. Unaweza kunyamaza na kuitikia sindano. Utalinda amani ya nyumba kwa muda. Lakini fikiria dozi iliyopandishwa mara mbili kwa ajili ya vidonge visivyomezwa. Ikija likizo, mtoto yuko nyumbani unamsimamia, akameza vyote, atakuwa anapata dawa, na sodiamu iliyo ndani yake, nyingi kuliko anavyohitaji, na shinikizo la damu linaweza kupanda. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, na sitajifanya sina upande hapa.

Unaweza pia kumwambia daktari peke yake, kwa simu au ukiomba kuingia mwenyewe dakika tano. Itaisaidia dozi haraka. Usidhani utamshangaza sana, madaktari wa magonjwa sugu wamekutana na vidonge kwenye sufuria za maua na chini ya magodoro. Huenda sindano ikasogezwa mbele miezi michache wakirekebisha asidi, nawe ukaona umenyimwa. Kusogezwa na kunyimwa ni vitu viwili. Ila ukienda peke yako, mtoto akija kujua kwamba ulimpita kando, lile unaloliogopa litakuwa limetokea.

Au unaanza na yeye. Unamwambia kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba ahadi ile ilikuwa nzito kuliko mlivyodhani, kwamba daktari anampandishia dozi bila kujua, na kwamba utalisema, ila unataka mlichague pamoja: nani aseme, kwa maneno gani, baba aambiwe kabla au hukohuko kliniki. Mtoto wa miaka 11 anaweza hilo. Tumezoea kumsemesha mtu kwa urefu wake, na huyu wako bila shaka amezungumzwa kama wa miaka saba mara nyingi. Njia hii nayo ina bei. Anaweza kununa siku nyingi. Anaweza kukuambia umemsaliti, na kwa kiasi fulani atakuwa na haki.

Kwa mumeo sina dawa, unamjua wewe. Atakasirika, na pengine hasira yake itakuwa ya kuachwa nje kuliko ya vidonge. Nakumbusha tu kwamba aliuliza "ili nani afurahi?" na ukakosa jibu. Huenda naye hakuwa nalo, alikuwa anauliza kweli.

Sindano mwamue ninyi watatu pamoja na daktari, mimi sitawachagulia. Wiki tatu zinatosha kwa mazungumzo mawili au matatu ambayo hayajafanyika. Ile suruali, kama bado hujaushona upindo, uache hivyo kwa sasa, na umwambie hutaipapasa tena. Niandikie mkitoka kliniki. Nitapenda kujua yeye mwenyewe alisema nini.

Shangazi